Bibi wa Hapa

Bi Subiri hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kazini, katika chumba cha kuunganishia simu, alikoumaliza ujana wake akiwa na visikizio kichwani na kuwaambia watu wenye haraka zao: "Subiri kwenye laini." Aliwaambia matajiri, akawaambia wakubwa waliozoea kusubiriwa wao, akawaambia na wachumba waliokuwa wakihema kwa hamu ya kusikiana. Wote walisubiri. Sauti yake ilikuwa laini na haikuwa na papara, na pale mjini watu walimjua kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Akiingia dukani kuomba kipande cha sabuni, mwenye duka anageuka na kutoa macho: "Alaa! Kumbe ndiye wewe!" Na yeye, tusidanganyane, alikuwa akipenda kweli kweli. Siku nyingine aliingia dukani hata sabuni ikiwa bado ipo nyumbani.

Sasa mchukue mwanamke wa namna hiyo, mzeeshe, mstaafishe, mpe wajukuu wawili, kisha umsikilizishe wajukuu hao wakimwita mwanamke mwingine Bibi wa Simu. Ndipo utajua kwa nini roho ilimuuma.

Huyo mwanamke mwingine alikuwa mama wa mkwewe, yaani bibi wa watoto kwa upande wa mama yao. Alikaa mji wa mbali. Tangu alipoteleza bafuni akaumia nyonga, mwanawe wa kiume alimnunulia simu kubwa ya kioo ili asichoke na upweke. Basi hakuchoka. Kila jioni, mara tu Bi Subiri anaposhika upawa ili apakue chakula, simu ya watoto inalia, na sura ya yule bibi inajaa kwenye kioo, nusu yake paji la uso. Watoto wanaacha kila kitu. Chakula kinapoa, Bi Subiri anabaki amesimama na upawa wake kama askari aliyesahauliwa lindoni.

Watoto wenyewe walikuwa Chiriku na Bonge. Chiriku ndiye mkubwa, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Bonge alikuwa mdogo wake, mashavu matupu, hajaanza hata shule. Shule zikifungwa waliletwa kwa Bi Subiri pamoja na begi moja la nguo na simu moja ya kioo ambayo mama yao ameiacha baada ya kununua nyingine. Wiki ya pili ya likizo, Chiriku alimweleza bibi yake mambo yalivyo, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Yule ni Bibi wa Simu. Wewe ni Bibi wa Hapa."

Bi Subiri alicheka, kicheko cha meno ya mbele. Bibi wa Hapa! Kama ndoo ya hapa. Kama ufagio wa hapa, ule wa nyuma ya mlango. Yeye aliyeunganisha mji mzima, leo jina la simu kapewa mtu ambaye mpaka juzi alikuwa hajui kitufe cha kuwashia kiko wapi! Usiku huo aligeuka kitandani mpaka mumewe, dereva mstaafu aliyependa usingizi wake, akamuuliza kama kuna kunguni.

Kesho yake mchana alipanda juu ya stuli na kushusha kitu kutoka juu ya kabati, kimefungwa kwenye shuka kuukuu.

"Hilo dude unalitoa la nini?" aliuliza mumewe.

"Wajukuu wangu wajue bibi yao ni nani."

"Kwani hawajui?"

"Kaa kimya, mume wangu. Soma gazeti."

Ilikuwa simu nyeusi, ya kuzungusha namba kwa kidole, nzito kama jiwe la kusagia. Wenzake wa kazini walimzawadia siku mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipoletwa, ule ubao wao wa matundu na nyaya ukang'olewa ukutani na wao wakaambiwa asanteni. Tangu siku hiyo hakuna waya uliowahi kuingia ndani yake. Bi Subiri aliifuta vumbi, akaiweka katikati ya meza ya chakula, akawaita watoto kwa ile sauti yake ya zamani.

Walikuja. Walisimama. Wakaitazama mbele, wakaizunguka wakaitazama nyuma.

"Ni mizani?" aliuliza Bonge.

"Ni simu."

Watoto walitazamana. Chiriku alipitisha kidole juu yake, taratibu, kama anavyofanya kwenye kioo. Hapakutokea kitu. "Kioo chake kiko wapi?"

"Haina kioo."

"Kilivunjika?"

"Haikuwahi kuwa nacho. Unanyanyua mkonga huu, unasikiliza huku, unazungumzia huku."

"Na hii kamba ya nini? Inakimbia?"

Mzee nyuma ya gazeti alikohoa, kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Bi Subiri alijikaza. Akawaonyesha namna ya kutia kidole kwenye tundu, kuzungusha gurudumu mpaka likwame, kisha kuliachia lirudi lenyewe. Liliporudi likikoroma, krrrr, Bonge alipiga makofi. Chiriku hakupiga. Yeye alikuwa mtu wa maswali.

"Ukikosea namba moja, unafuta wapi?"

"Hufuti. Unaanza upya."

"Zote?"

"Zote."

Chiriku alimtazama bibi yake kwa huruma ya dhati. "Na mtu akikupigia, unajuaje ni nani?"

"Unamuuliza."

"Na akidanganya?"

"Utamjua kwa sauti."

"Na ukienda sokoni nayo?"

"Huendi nayo, inabaki nyumbani. Mtu akipiga, anaambiwa haupo."

Chiriku alifikiri, kidole mdomoni. "Kwa hiyo simu ilikuwa inaijua nyumba tu. Mtu haimjui."

Hapo Bi Subiri aliona mlango umefunguka kidogo, akapita. Alivuta kiti, akawasimulia. Akawaambia kwamba zamani, ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine, ulinyanyua simu yako ukampata yeye kwanza. Mbele yake palikuwa na ubao wenye matundu mengi, na kila tundu lina kitaa kidogo juu yake. Kitaa kikiwaka, anachomeka waya, anauliza, "Nikuunganishe na nani?" Kisha anachukua waya mwingine, anauchomeka kwenye tundu la huyo anayetakiwa, anasema, "Ongeeni," na papo hapo anajitoa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chumba chao. Ukishasema ongeeni, hukai kwenye laini. Maneno ya watu ni ya watu.

"Na ukisikia kwa bahati mbaya?" aliuliza Chiriku.

"Husikii. Hata ukisikia, husikii. Mtu akikuuliza, 'Opareta, umetusikia?' unamwambia laini ilikuwa mbaya sana, imekatakata, hukuambulia kitu."

"Mlikuwa mnadanganya!"

"Ilikuwa adabu," alisema Bi Subiri. "Mtu akishateleza ulimi, asiongezewe aibu."

Bonge muda wote huu alikuwa ameinamisha kichwa anachungulia chini ya ile simu. "Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "uliingiaje humu?"

Chiriku alimsukuma. "Hakuwa humu, mjinga wewe! Bibi alikuwa..." Akasita. Macho yakamtoka. "Bibi! Kwa hiyo wewe ndiye ulikuwa mtandao?"

Enyi mlio na wajukuu, mnajua neno la namna hiyo linavyoingia. Bi Subiri alihisi kifua kimejaa. Mtandao! Maishani mwake mwote hapakuwa na mkubwa wa ofisi aliyewahi kumsema vizuri namna ile.

"Ndiyo, mjukuu wangu. Mtandao nilikuwa mimi. Tena sikuwahi kukatika."

Walikaa pale mpaka jua likaanza kulegea. Watoto walicheza na ile simu, wakaunganishana na duka, na polisi, na mtoto mmoja wa shuleni aliyemng'ata Chiriku siku fulani na sasa alipigiwa aombwe maelezo. Bi Subiri alipika huku akiwasikiliza. Sufuria ilipoanza kutoa harufu, Chiriku alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, kama mtu aliyefikia uamuzi.

"Bibi, mimi naona wewe ndiye Bibi wa..."

Simu ya kioo ikalia.

Hata jina halikumalizika. Chiriku alikuwa ameshafika mezani, anarukaruka. "Bibi wa Simu! Bibi wa Simu! Unajua leo tumeona nini?"

Bi Subiri alibaki na upawa wake. Alimsikia Chiriku akieleza kila kitu kwa pumzi moja, simu ya kamba, simu ya mashimo, simu isiyofuta. Akamsikia yule mwingine akicheka huko aliko, kicheko cha mtu aliyekaa vizuri. Kisha likaja lile analolichukia kuliko yote, maana lilikuja kila jioni.

"Hebu nipelekeni jikoni. Nionyesheni sufuria. Leo mnakula nini?"

Chiriku alikuja nayo, akaielekeza juu ya maharage. Bi Subiri alisogea pembeni ili asionekane akiwa amefura. Papo hapo Bonge akapiga yowe kule mezani. Kidole chake gumba kilikuwa kimekwama kwenye tundu la sifuri. Chiriku alimtupia bibi yake simu mkononi, akakimbia kumwona mdogo wake.

Mabibi wakabaki wawili, uso kwa uso.

"Habari za huko, mama mwenzangu?" ilisema sura ya kwenye kioo.

"Nzuri tu, mama mwenzangu. Watoto wamenizidi hapa, tutaongea."

Na Bi Subiri akakata simu. Alikata jinsi ambavyo mikono yake ilijua kukata simu tangu ujana. Aliishusha mezani na kuilaza kifudifudi, kwa upole na kwa uhakika. Hivyo ndivyo mkonga unavyorudi mahali pake, na mkonga ukishalala, laini imekufa.

Alichukua sabuni na maji, akakilainisha kidole cha Bonge mpaka kikachomoka, akawatuma watoto wote wawili uani wakanawe. Kisha akamgeukia mumewe. Mdomo ulikuwa umejaa, ilibidi umwagike.

"Umemsikia? Umemsikia anavyocheka?"

"Nani?"

"Nani tena! Bibi wa Simu! Mimi nimewaunganisha watu mpaka masikio yakaota sugu. Leo mtu kanunuliwa kioo, kajua kukigusa, basi simu ni yake! Tena kila jioni, 'nionyesheni sufuria, nionyesheni sufuria.' Ananikagua kama bwana afya! Anadhani wajukuu nawalisha mawe? Kama anaona hawali vizuri, si aje apike mwenyewe? Kwani hana miguu? Nyonga, nyonga, nani katika umri huu hana nyonga? Anadeka tu pale kwenye kiti, anangoja chakula changu kiive ndipo anipigie, aniharibie!"

Mumewe alikunja gazeti. "Mke wangu, una wivu."

"Ninao!" alisema Bi Subiri. "Ninao, na ni haki yangu!"

Watoto walirudi, mikono inachuruzika maji. Chiriku alikwenda moja kwa moja mezani, akaigeuza simu.

"Bibi? Bado upo?"

"Nipo, mjukuu wangu," ilijibu sauti, imetulia kabisa. "Mtandao ulikuwa mbaya sana. Ulikatakata, sijaambulia kitu. Haya, kuleni. Tutaongea kesho."

Kioo kikazima.

Bi Subiri alikaa kwenye stuli. Watu wengine wangejipa moyo hapo, wangesema afadhali hakusikia. Yeye asingeweza kujidanganya, kazi yake ilikuwa ile. Asiyesikia kitu huuliza, "Halo? Halo? Mmekwenda wapi?" Hajitetei kabla hajaulizwa. Na ile sauti ilikuja safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Amesikia. Amesikia la kioo, la bwana afya, amesikia la miguu. Kisha akamfanyia adabu ya chumba cha simu, ileile aliyoifundisha mchana kwa majigambo.

Na hapa ndipo utajua wivu ni mdudu wa aina gani. Katikati ya aibu ile, huku uso unamuwaka, Bi Subiri alihisi unamtafuna upya. Hata hili kanishinda, alijisemea. Hata adabu ya laini, iliyokuwa yangu peke yangu, anaijua kuliko mimi. Alipakua chakula, akala vijiko viwili, akasema ameshiba.

Kesho yake siku nzima alikuwa akiitupia jicho simu ya kioo. Alifagia, akaitazama. Alichambua mchele, akaitazama. Alihofia isilie, na zaidi alihofia ikilia. Jioni, akiwa ameshika upawa kama kawaida, ililia.

Alisimama jikoni, masikio yote mezani. Yule bibi aliongea na watoto vizuri, akauliza kidole cha Bonge kinaendeleaje, akasikiliza habari za paka wa jirani. Bi Subiri alingoja lile neno la sufuria. Safari hii alikuwa amepika kwa makini, na kifuniko alikuwa amekifuta.

"Haya, wajukuu zangu," ilisema sauti. "Nisiwacheleweshe kula."

Hakuomba. Jioni zote ameomba, leo hakuomba. Bi Subiri hajawahi kupigwa kofi na mtu mzima mwenzake, lakini alijua sasa linauma vipi. Alifuta mikono kwenye kanga, akatoka jikoni, akaichukua ile simu mikononi mwa Chiriku.

"Mama mwenzangu, usikate."

"Sijakata."

"Laini ya jana haikuwa mbaya."

Kwenye kioo lilionekana paji la uso tu, na jicho moja.

"Mimi nilikuwa opareta," alisema Bi Subiri. "Laini mbaya naijua. Ile ilikuwa safi."

"Ilikuwa safi," alikubali mwenzake.

"Umesikia yote."

"Yote."

"Hata la miguu?"

"La miguu ndilo lilifika vizuri kuliko yote." Alicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Nisamehe, dada yangu. Ni wivu. Wanakuita Bibi wa Simu, na mimi simu ndiyo yalikuwa maisha yangu. Roho ikaniuma, nikasema nisiyopaswa kusema."

"Na wewe wanakuitaje?"

Bi Subiri aliona haya. "Bibi wa Hapa. Kama ndoo."

Mwenzake hakucheka. Aliisogeza simu mpaka uso wote ukaonekana, na Bi Subiri akaona kwa mara ya kwanza ukuta ulioko nyuma yake, na kitanda, na fimbo mbili za kutembelea zimeegemezwa pembeni.

"Unajua kwa nini naomba sufuria?" alisema. "Nikiuona ule mvuke, najiona nami nimo humo ndani. Basi. Hakuna ukaguzi. Wewe watoto wakikukasirikia, wananuna kidogo, kisha wanakuja kukulalia mapajani. Mimi wakinichoka wananizima. Juzi Bonge alinizima kwa kidole, akaenda zake kucheza, nikabaki naitazama sura yangu kwenye kioo cheusi. Bibi wa Hapa! Mama mwenzangu, jina hilo mimi ningelifuata kwa kutambaa."

Bi Subiri alikwenda jikoni na ile simu mkononi, akafunua sufuria, mvuke ukapanda mpaka kioo kikafifia, akakifuta kwa pindo la kanga.

"Leo ni mchuzi wa viazi," alisema. "Chumvi nimeitia kidogo, kwa ajili ya huyu babu yao. Unaona?"

"Naona. Punguza moto, mama mwenzangu, unashika chini."

Kweli ulikuwa unashika. Bi Subiri aliuma ulimi, akapunguza moto.

Alipoleta sahani mezani aliileta na simu, lakini haikuwa na pa kukaa. Kila alipoisimamisha ilianguka, na kila ilipoanguka yule bibi alisema "Lo!" kutoka kule aliko, na Bonge akacheka. Ndipo Bi Subiri alipoivuta ile simu nyeusi, akaiweka kichwani mwa meza, na ile ya kioo akaiegemeza kwenye gurudumu la namba. Ilitulia tuli. Uso wa yule bibi ukawa juu ya meza, ukizitazama sahani zote.

Chiriku aliacha kijiko. Alizitazama simu mbili zile, moja mgongoni mwa nyingine, na uso wake ukang'aa.

"Aaa! Sasa nimeelewa! Kumbe simu yako kazi yake ni hii, Bibi. Kumshika Bibi asianguke."

Mzee alianza kukohoa kikohozi chake. Bi Subiri alifungua mdomo amsahihishe mtoto, amwambie upya habari za matundu, na nyaya, na mji mzima uliongoja sauti yake. Wivu ulimfinya, mara moja tu, palepale panapofinya siku zote. Akatazama kwenye kioo zile fimbo mbili zilizoegemea ukuta wa mbali.

"Ndiyo kazi yake," alisema.

Kisha akasogeza kiti chake kidogo upande wa kulia, mahali ambapo na yeye angeonekana.